Nyumba Iliyogeuka Kelele: Neno Bedlam na Majina Tunayoyachezea

Nilipokuwa darasa la tatu mjini Morogoro, mwalimu wetu alitoka kidogo kwenda ofisini, nasi tukafanya kile ambacho watoto 60 hufanya wakiachwa peke yao. Madawati yaliburutwa, chaki zikaruka, wawili wakakamatana mashati, wengine tukashangilia. Mwalimu alirudi bila kishindo, akasimama mlangoni, akaupiga ubao fimbo moja. "Mnadhani hapa ni Milembe?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, tena kwa nguvu kuliko wenzangu, kwa sababu wiki ileile mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amepandishwa treni kwenda Dodoma kutibiwa, na nyumbani tulikuwa tumeshaagizwa: mkiulizwa, semeni amesafiri kikazi.

Kwa msomaji asiye Mtanzania, Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma. Ilianza miaka ya 1920, na wengi wetu hutamka Milembe. Mkenya atakuambia Mathari, Mzanzibari atasema Kidongo Chekundu, Mganda atasema Butabika. Kila mmoja wao ana hospitali yake, na kila mmoja amelichukua jina la hospitali hiyo akalifanya utani wa sokoni, tusi la kwenye daladala, jina la mahali popote penye makelele yasiyo na mpango. Bunge likichafuka tunasema wamegeuka Milembe. Mtu akizungumza peke yake barabarani tunaulizana katoroka lini.

Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za maneno ya Kiingereza, nilikutana na neno lililonirudisha kwenye dawati lile. Neno hilo ni bedlam. Ukilitafuta kwenye kamusi ya leo utaambiwa ni hali ya makelele na vurugu kubwa. Mtangazaji wa mpira analitumia goli likifungwa dakika ya 90 na uwanja ukalipuka. Mama mwenye pacha wa miaka 2 analitumia kueleza asubuhi yake. Hakuna hata mmoja wao anayefikiria mgonjwa. Wanalitumia kama sisi tunavyotumia vurumai au patashika, bila kinyongo na bila kumbukumbu. Ila ndani ya neno hilo kuna nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na watu.

Nyumba yenyewe ilianza na jina tukufu. Mwaka 1247 tajiri mmoja wa London, Simon FitzMary, aliyewahi kuwa sherifu wa jiji, alitoa ardhi yake nje ya ukuta wa mji, eneo la Bishopsgate, iwe wakfu kwa askofu na kanisa la Bethlehemu. Pajengwe nyumba ya watawa, zikusanywe sadaka za kulisaidia kanisa la kule alikozaliwa Yesu, na wageni wa shirika hilo wapate pa kulala. Pakaitwa nyumba ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Kwa Kiebrania Bethlehemu ni nyumba ya mkate. Kwa Kiarabu jina hilohilo, Bayt Lahm, linasikika kama nyumba ya nyama. Kwa vyovyote vile ni nyumba ya chakula, nyumba ya kumpokea mgeni.

Midomo ya watu wa London ikafanya kazi yake. Bethlehem ikawa Bethlem, Bethlem ikawa Bedlem, Bedlem ikawa Bedlam. Msemaji wa Kiswahili hashangai hapa. Wenzetu wa Unguja hospitali wameifanya spitali, na wengi wetu wa bara dh ikitufikia mdomoni inatoka z. Jina likitamkwa kila siku hulainika kama ngazi inayokanyagwa. Hadi hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Dhuluma ilianza kidogo kidogo. Nyumba ile ilianza kupokea maskini na wagonjwa, kisha wagonjwa wa aina moja. Mwaka 1403 wakaguzi wa mfalme walipoingia walikuta humo wanaume 6 walioandikwa kuwa wamepotewa na akili. Katika orodha ya mali za nyumba walikuta pia minyororo, pingu, kufuli na mikatale ya kubania miguu. Nimesoma maelezo ya orodha hiyo mara kadhaa na kila mara nasimama palepale. Wagonjwa 6, na vyuma vingi kuwazidi. Kwa karne kadhaa baada ya hapo Uingereza haikuwa na mahali pengine pa umma pa kuwaweka watu wa namna hiyo, kwa hiyo jina moja likabeba ugonjwa wa taifa zima.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapo ndipo neno lilipogeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, William Shakespeare katika tamthilia ya King Lear anamwonyesha Edgar akijificha kwa kujifanya ombaomba wa Bedlam. Jambo la kwanza analolitaja kuhusu ombaomba hao ni sauti zao za kunguruma. Mwaka 1632 mwandishi Donald Lupton, akieleza sehemu mbalimbali za London, alifika kwenye nyumba hii akaorodhesha anayoyasikia: vilio, mayowe, ngurumo, ugomvi, kutikisika kwa minyororo, matusi. Akamalizia kwamba makelele ya humo yanaweza kumtoa akili hata aliyeingia nazo.

Katika orodha ya Lupton kuna kitu kimoja ambacho ningependa tukae nacho. Kutikisika kwa minyororo. Mnyororo haupigi kelele wenyewe, na mgonjwa hakuuleta kutoka nyumbani kwake. Aliufunga mtu mwenye akili timamu, aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sehemu ya kelele iliyoipa lugha ya Kiingereza neno lake ilikuwa kelele ya chuma, na chuma kilikuwa mali ya wenye nyumba. Lakini neno halikuwashika wao. Liliwashika waliofungwa. Fungua kamusi yoyote leo, bedlam ni fujo ya watu waliokosa utaratibu. Hakuna kamusi itakayokuambia kwamba utaratibu wenyewe ndio uliokuwa ukilia.

Kelele nyingine ya humo waliileta wageni. Mwaka 1676 hospitali ilihamia jengo jipya eneo la Moorfields, lililochorwa na Robert Hooke, mwanasayansi yuleyule ambaye wanafunzi wetu wa fizikia wanamjua kwa kanuni yake ya springi. Mbele lilikuwa refu na la fahari kama kasri. Juu ya lango pakawekwa sanamu 2 za mawe zilizochongwa na Caius Gabriel Cibber, mmoja ameduwaa kwa huzuni, mwingine amefungwa pingu, kinywa wazi. Watu wakaja kutazama. Ilikuwa matembezi ya siku ya mapumziko, kama watu wanavyokwenda kuona simba. Kulikuwa na sanduku la sadaka mlangoni, na wachuuzi waliwauzia wageni vitafunio na matunda. Vijana wa mjini waliwachokoza wagonjwa ili wapige kelele, kisha wakasimulia mtaani jinsi wagonjwa wanavyopiga kelele. Mchoraji William Hogarth aliliweka jambo hilo kwenye picha mwaka 1735: kijana aliyeharibikiwa na maisha yupo sakafuni, nusu uchi, na nyuma yake wamesimama mabibi 2 waliovaa vizuri, mmoja ameshika upepeo wake wa kujipepea. Hao ndio niliowatazama zaidi katika picha ile. Hadi mwaka 1770 ndipo milango ilipofungwa kwa mtu asiye na kibali.

Jengo lenyewe, kwa fahari yake yote, lilisimama juu ya ardhi mbaya, na kuta zikaanza kupasuka.

Mwaka 1814 mtu mmoja aliyeitwa Edward Wakefield aliingia hospitalini humo akiwa na wenzake, akamkuta baharia wa Kimarekani, James Norris. Shingoni alikuwa na pete ya chuma iliyounganishwa kwa mnyororo mfupi na nguzo ya chuma iliyosimikwa. Kiunoni na mabegani kulikuwa na vyuma vingine vilivyombana mikono ubavuni. Aliweza kusimama na kulala chali, basi. Alikuwa katika hali hiyo kwa takribani miaka 10. Wakefield alizungumza naye, na ushahidi alioutoa ulifika mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1815: mtu huyo alijibu maswali kwa utulivu na kwa akili, alikuwa akisoma vitabu na magazeti, na alijua mambo ya siasa na vita vya wakati wake. Alifunguliwa, na hakumaliza mwaka mwingine akiwa hai.

Hebu tulitafakari hilo. Mgonjwa anayejulikana kuliko wote wa nyumba iliyoupa ulimwengu neno la makelele alikuwa mtu anayesoma gazeti kimya.

Na hakuwa peke yake. Humo kulikuwa na James Tilly Matthews, aliyeamini kwamba genge la maadui linamtesa kwa mashine ya hewa iliyofichwa karibu naye. Alikuwa mgonjwa kweli, hakuna haja ya kupamba. Lakini hospitali ilipotaka kujenga jengo la tatu na kuita michoro kutoka kwa wasanifu, Matthews naye alichora, akapeleka, na wakuu wa hospitali wakaiona michoro yake kuwa na thamani, wakampa pauni 30. Alijua korido zipite wapi na jua liingie wapi, maana alikuwa ameishi humo tangu 1797. Huyo ndiye anayetajwa, pamoja na mamia wengine wasio na jina, kila neno hilo linapotamkwa juu ya watoto wa darasa la tatu.

Kiingereza kina maneno 3 ya makelele yaliyotokana na majina ya mahali, na wanayatumia kama ndugu. La kwanza ni babel, kutoka Babeli ya kitabu cha Mwanzo, mnara uliokwama baada ya lugha za wajenzi kuchanganywa. La pili ni pandemonium, jina alilolitunga mshairi John Milton mwaka 1667 katika Paradise Lost, kuliita jumba la mashetani wote huko jehanamu. La tatu ni bedlam. Mahali pa kwanza pako katika maandiko. Pa pili ni pa ushairi, hapajawahi kuwepo. Pa tatu palikuwa na vitanda, daftari la wagonjwa, na majira ya chakula. Kamusi za visawe zinayapanga hayo matatu mstari mmoja: ghasia za Babeli, jumba la mashetani, hospitali. Sijui msomaji anasikia nini hapo. Mimi nasikia mwalimu akiupiga ubao.

Ni kwa nini kilio cha mgonjwa kigeuke jina la kelele, badala ya kuwa jina la maumivu? Nadhani jibu limo ndani ya neno kelele lenyewe. Sauti haizaliwi kelele. Muziki wa harusi ni furaha kwa aliyealikwa na kelele kwa jirani anayeamka alfajiri. Adhana, kengele ya kanisa, mashine ya kusaga, mtoto mchanga, kila sauti ina mtu ambaye kwake ina maana na mtu ambaye kwake haina. Tukiita sauti kelele tunatoa hukumu: humo hamna ujumbe wangu. Wahenga walilielewa hili vizuri sana waliposema kelele za mlango haziniwasi usingizi. Mlango unalia, lakini mlango hauna la kuniambia, nalala. Ni methali nzuri ya kumjibu mbeya. Ukiipeleka kwa mtu anayeugua, inakuwa ruhusa ya kulala huku anaita.

Hata neno la Kiingereza la kawaida la kelele, noise, lina siri ya namna hiyo. Wanaisimu wengi wanalifuatilia kupitia Kifaransa cha kale hadi nausea ya Kilatini, yaani kichefuchefu, nayo inatokana na neno la Kigiriki la jahazi. Ni kichefuchefu cha bahari. Watu wa pwani wataelewa mara moja: abiria wa bara wakiwa ndani ya boti ya Unguja siku ya kusi kali, kilio, dua, na mifuko ya plastiki ikipitishwa mkono kwa mkono. Kutoka kuugua, neno likahamia kwenye sauti ya wanaougua. Njia ni ileile ya Bedlam. Mwanzoni kuna mtu anayeumwa. Mwishoni kuna msikilizaji aliyekerwa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid II alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyeitembelea katika karne ya 17 aliandika kwamba palikuwa na waimbaji na wapigaji 10 waliowekwa kwa ajili ya kuwapigia wagonjwa wa akili mara 3 kwa wiki. Katikati ya ukumbi palikuwa na maji yanayobubujika. Ni karne ileile ambayo Lupton alisikia minyororo London. Mji mmoja uliona masikio ya mgonjwa kuwa mlango wa tiba. Mwingine ulisikia kinywa chake tu.

Sisemi Mashariki walikuwa malaika. Jina la hospitali za namna hiyo, bimaristani, ni la Kiajemi na maana yake ni mahali pa wagonjwa tu. Lakini katika mazungumzo ya Wamisri lilifupishwa likawa muristan, na likashuka hadi kumaanisha nyumba ya vichaa. Lebanoni nako kulikuwa na hospitali ya Asfuriyyeh, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye kilima chenye jina zuri linalotokana na ndege. Imekwisha kufungwa siku nyingi, na jina lake bado ni utani wa kumwambia mtu kwamba hana akili. Kila lugha niliyoigusa nimekuta kaburi la namna hii.

Kwetu je? Watu hupenda kusema kwamba dharau hii tuliletewa na ukoloni pamoja na majengo. Kuna ukweli ndani yake. Hospitali ya Mathari ilipoanza kazi hiyo mwaka 1910 ilipewa na Waingereza jina la nyumba ya wendawazimu ya Nairobi, na mwaka 1924 ikabadilishwa kuwa Mathari. Lakini hebu tuangalie kilichotokea baada ya jina kubadilishwa. Jina jipya, lililokuwa jina la mahali tu, lilichafuka kama la kwanza. Ndiyo maana sina imani kubwa na suluhisho la kubadilisha vibao vya mlangoni. Waingereza nao waliwahi kuacha jina moja wakachukua jingine, asylum, lenye maana ya mahali pa kimbilio, na baada ya miaka kadhaa neno kimbilio likawa la kutisha watoto.

Ila nikirudi nyuma zaidi, kwenye neno letu la zamani, nakuta kitu kingine. Wazimu umetoka kwa mzimu. Aliyepatwa na wazimu aliaminiwa kuwa amefikiwa na kitu chenye nia. Pwani, mgonjwa wa pepo aliitwa kiti, na katika kilinge mganga hakuanza kwa kumnyamazisha. Aliuliza. Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Sauti ngeni ilipotoka kinywani mwa mgonjwa, ukumbi mzima ulinyamaza ili ijulikane inasema nini. Simtetei mganga dhidi ya daktari. Nimeona vidonge vikimrudishia mtu usingizi alioukosa kwa miezi, na nimesikia habari za wagonjwa waliopigwa ili pepo atoke. Naona tu kwamba kilinge kilianza na swali, wakati nyumba ya Bishopsgate ilianza na kufuli. Nasi tumerithi kufuli na kulipoteza swali.

Kuna watakaoniambia ninakuza jambo. Maneno hubadilika, watasema, na hakuna Mwingereza anayemdhuru mtu kwa kusema bedlam. Nakubali kabisa. Kwa Kiingereza neno hilo limeshakufa kama sitiari, limebaki sauti tu, na mimi siwezi kumlaumu mtangazaji wa mpira. Hospitali yenyewe bado ipo, imehamia kusini mwa London tangu 1930, inatibu watu kwa jina lake la Bethlem, na zile sanamu 2 za Cibber zimewekwa ndani ya makumbusho yake. Jengo lake la tatu, lile la mwaka 1815, leo lina makumbusho ya vita. Pale ilipoanzia, Bishopsgate, sasa ni kituo cha treni cha Liverpool Street, na mwaka 2015 wachimbaji wa reli mpya waliondoa mifupa ya watu zaidi ya 3,000 kutoka makaburi ya kale ya jirani yaliyoitwa kwa jina lilelile. Abiria wanapita juu ya hayo yote wakiwahi kazini.

Lakini sisi hatujafika huko. Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kwa Waingereza hii ni historia ya neno. Kwetu wagonjwa bado wamo ndani. Usiku wa leo kuna mtu amelala Mirembe, na kuna mama yake mkoani anayewaza atawaambia nini majirani. Mtu anapolitumia jina hilo kwa kicheko, analitumia juu ya kitanda chenye mtu. Kwa karne mbili na zaidi Bedlam ilikuwa neno na nyumba kwa wakati mmoja, na nadhani muda huo ndio uliofanya kazi mbaya. Watu walikuwa wameshajua neno kabla hawajamwona mgonjwa. Walipopita mlangoni na kusikia sauti, walikuwa na jina lake tayari, na jina hilo halikuwataka wafanye lolote. Miaka 10 ya James Norris iliwezekana ndani ya mji uliojaa watu wema, kwa sababu sauti yoyote kutoka kule ilikuwa imeshapewa jibu.

Na minyororo haijaisha. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo majumbani, kwa waganga na katika nyumba za maombi, katika nchi zipatazo 60. Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Familia nyingi zinazofanya hivyo si katili. Zimechoka, ziko mbali na hospitali, na zinaona aibu. Aibu hiyo ina jina, na jina hilo tunalitengeneza sisi kila siku tunapocheka.

Kama kuna la kufanya, nadhani linaanzia kwenye jiografia kabla ya sarufi. Bedlam ilichafuka kwa sababu ilikuwa moja. Ugonjwa wa nchi nzima ulirundikwa nyuma ya lango moja, na lango likawa jina. Malaria haina Bedlam yake. Inatibiwa kila zahanati, na hakuna mtu aliyewahi kutukanwa kwa kutajiwa zahanati ya kijiji. Siku ambayo mtu wa Kilosa au Kakamega atapata daktari wa akili na dawa zake katika hospitali ya wilaya, dirisha la pili baada ya kliniki ya sukari, hakutakuwa na jina moja la kutupia utani wote. Kazi hiyo ni ya bajeti, ya vyuo vya uuguzi, ya serikali za mitaa. Sisi wengine, walimu, watangazaji, wachekeshaji, wazazi, tunaweza kuanza kwa kutolitoa jina la hospitali mdomoni pale tunapotaka kusema fujo. Kiswahili hakina njaa ya maneno. Tuna ghasia, zogo, rabsha, vurumai, tafrani, patashika, kizaazaa, hekaheka. Hakuna hata moja lenye mgonjwa ndani.

Mjomba alirudi baada ya miezi mitano, amenenepa kidogo, mkimya. Kabla ya kuugua alikuwa gadi wa treni katika reli ya kati, na treni ile iliyompeleka Dodoma ilipita vituo alivyovijua kuliko nyumba za majirani zake. Alikaa kwetu. Mchana alinifundisha hesabu. Usiku mwingine, dawa zilipopungua nguvu au zilipokosekana dukani, aliamka akaanza kuita. Aliita kwa sauti ya kazi, sauti ya kuwafikia watu wa behewa la mwisho. Ruvu. Ngerengere. Morogoro. Kimamba. Kilosa. Majirani walifungua madirisha wakasema, huyo ameanza kelele zake. Mimi nililala kitandani nikiwa nimevuta shuka hadi masikioni, na ilinichukua miaka kugundua kwamba vituo vyote vya reli ninavijua kwa mpangilio na kwamba hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Mama hakumwambia anyamaze. Alitoka na kanga yake mabegani, akaketi kwenye kizingiti cha chumba chake, akasubiri atoe pumzi. Kisha akamuuliza, kama steshenimasta anavyomuuliza mwenzake, "Kilosa wameshuka wangapi, kaka?" Palikuwa na kimya kirefu. Halafu mjomba akajibu, kwa sauti ya chini sasa, sauti ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua, "Kumi na wanne. Na mizigo."

"Haya," mama akasema. "Tuendelee Gulwe."